Kuzunguka Nungwi kwa Miguu: Uliza Maji Kwanza

Kwenye ramani ya simu, ncha ya kaskazini ya Unguja inaonekana mahali pa matembezi ya asubuhi moja. Unaanzia diko la Nungwi, pale wavuvi wanapofikia na vyombo vyao, unashika ufuko wa magharibi hadi Kendwa, unapanda mpaka barabara kuu, unarudi kijijini, kisha unazunguka rasi kwa upande wa mashariki na kupita Mnarani mpaka pale ulipoanzia. Kwa makadirio yangu ni kama kilomita 12. Mlima hakuna, msitu hakuna, na kupotea ni vigumu kwa kuwa bahari iko ubavuni karibu muda wote. Mimi ni mtu wa Iringa, miguu yangu imezoea kupanda na kushuka, nikaiona njia hii ni ya kupiga soga.

Ramani haioneshi maji. Kati ya Nungwi na Kendwa mchanga haukuungana moja kwa moja. Kuna vighuba vidogo vya mchanga mweupe, na baina ya kighuba na kighuba yapo majabali ya matumbawe yaliyojitokeza hadi baharini. Maji yakipwa unapita chini yake na viatu vyako vikavu. Maji yakijaa njia haipo kabisa. Mawimbi yanagonga jabali lenyewe, ambalo limeliwa kwa chini na kubaki na ukingo juu kama kofia, kwa hiyo hata ukitaka kupanda huna pa kushika pasipokukata viganja.

Nayaandika haya kwa sababu nimekutana na watu wengi wa bara, na hata wa mjini Unguja, wanaopanga matembezi haya kwa kuangalia picha. Wifi yangu amezaliwa na kukulia Ng'ambo, mjini Zanzibar, na hakuwa amewahi kuipita njia hiyo kwa miguu. Kuzaliwa kisiwani si kujua kila ufuko wake.

Siku tuliyokwama mimi na wifi, tulitoka mjini kwa daladala namba 116 kutoka Darajani. Rafiki mmoja wa familia alikuwa ametuangalizia jedwali la maji kwenye simu yake akatuandikia ujumbe mfupi: "Kupwa ni 10." Sisi tukasoma saa kumi. Tukapanga vizuri sana: tufike mchana, tule, tuondoke dikoni saa nane, saa kumi jioni maji yakiwa yamekauka tuwe tunapita majabalini, kisha tutazame jua likizama Kendwa. Kumbe majedwali yale huandika saa kwa mtindo wa kizungu, na ile 10 ilikuwa saa nne ya asubuhi. Tulipokuwa tunafunga kamba za viatu, maji yalikuwa yanajaa kwa saa nne nzima.

Na ilikuwa bamvua, zile siku ambazo maji hupwa mbali na kujaa sana. Mwezi mpevu ulikuwa umeonekana usiku wa kuamkia siku ile. Kwa mtu wa pwani hilo peke yake linatosha kumwambia saa za maji bila simu. Kwa upande huu wa Unguja, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi alasiri, na tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa inaweza kufika mita 4 hivi. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Juma moja baadaye mambo yamegeuka: asubuhi ndiyo maji yanajaa na jioni yanapwa, lakini hapo ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji na nguvu nyingi. Haya yote niliyajua baadaye. Siku ile tulikuwa na namba moja tu kwenye simu.

Jabali la kwanza tulilipita maji yakiwa magotini, tukicheka. Kighuba kilichofuata kilikuwa kizuri mno: hakikuwa na mtu, mchanga ulikuwa umelainika, na ngalawa moja imefungwa mbali kidogo. Tulikaa pale tukipiga picha. Jabali la pili lilitufikisha kiunoni, na wimbi moja likamsukuma wifi ubavuni mwa mwamba. Aliponyanyua mguu nikaona damu inatiririka kwenye kifundo. Nikamwambia turudi. Tukageuka, na lile jabali la kwanza, tulilolipita tukicheka, sasa lilikuwa na maji ya kifuani yanayovuta na kusukuma.

Hofu niliyoipata pale sikuwahi kuipata milimani. Mlimani ukichoka unakaa. Pale kipande cha mchanga tulichosimama kilikuwa kinapungua mbele ya macho yetu, na sikujua kitabaki kiasi gani. Wifi alianza kusoma dua kwa sauti. Mimi niliangalia alama kwenye jabali, ule mstari mweusi unaoonesha maji hufika wapi, nikaona uko juu ya kichwa changu.

Tuliokolewa na ngazi za hoteli moja iliyo juu ya mwamba. Mlinzi alikuja akatuambia ngazi ni za wageni waliolala pale tu. Nikamwonesha mguu wa wifi. Alisita kidogo, akaangalia nyuma yake, halafu akashuka mwenyewe akamshika mkono. Sitaitaja hoteli, kwa kuwa kijana yule alivunja amri ya waajiri wake kutusaidia. Ila nitasema hili kwa wenye hoteli wote waliojenga juu ya majabali: mtu aliyezibiwa njia na maji si mvamizi. Ngazi zenu ndiyo njia pekee ya kutoka katika vighuba vile bamvua likijaa, na amri ya kwanza anayopewa mlinzi ingekuwa ya kupandisha watu.

Kidonda kilihitaji kusafishwa vizuri kwa sababu vipande vya matumbawe vikibaki ndani hutunga usaha. Alichomwa sindano ya pepopunda, akapewa dawa, akakaa nyumbani kazi haendi. Simu yangu iliingia maji ikafa. Bodaboda, dawa, simu, siku za kazi: fedha hizo zingetulaza Nungwi kwa raha siku kadhaa.

Tuliporudi, wifi akiwa amepona, tulianza na watu badala ya ramani. Tulifika Nungwi jioni, tukalala nyumba ya wageni ndani ya kijiji, mbali na ufuko, ambako vyumba ni nafuu kuliko vya pwani. Kabla ya magharibi tukateremka dikoni. Palikuwa na mzee anashona nyavu chini ya mkungu. Wifi akamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitikia marahaba bila kuinua macho. Tukakaa. Baada ya kuulizana hali za nyumbani na za mjini, ndipo wifi akamwambia tunataka kwenda Kendwa kwa pwani.

"Kesho?" akauliza.

"Kesho, inshallah."

"Kesho bamvua. Saa mbili na nusu tokeni hapa. Msitoke kabla, maji bado yapo jabalini. Saa nne muwe Kendwa. Mkichelewa huko, rudini kwa barabara, msirudi kwa pwani. Bahari ikianza kurudi haimsubiri mtu."

Nikamuuliza kama tunahitaji mtu wa kutuongoza. Akasema kwa maji kupwa njia inajionesha, kwa maji kujaa hata mwongoza njia hawezi kuifanya iwepo. Maelezo ya mzee yule yalikuwa kamili kuliko programu yoyote niliyoipakua baadaye. Ukifika Nungwi, mtafute mvuvi au mshona nyavu jioni ya kuamkia safari yako. Salamu kwanza, usiharakishe, na usimpe fedha kama malipo ya swali. Nunua samaki wake kesho yake.

Alfajiri tulirudi dikoni mapema makusudi ili tuuone mnada. Ngalawa na mashua zilikuwa zinaingia, vijana wanashusha samaki majini mpaka kiunoni, na dalali anataja bei kwa kasi niliyoshindwa kuifuata: changu, nguru, kolekole, pweza waliofungwa pamoja, na jodari mmoja aliyebebwa na watu wawili. Kama unataka kuona dagaa, chagua bamvua la mwezi mchanga. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, kwa hiyo wavuvi wengi wa dagaa hupumzika. Bamvua lile la mwezi mpevu halikuwa na dagaa, na wifi aliyekuwa na agizo la mama yake alisikitika.

Dikoni watu wako kazini. Usisimame katikati ya njia ya wabebaji, usiruke kamba za ngalawa, na usimpige mtu picha kabla hujamwomba. Nilimwona kijana mmoja mgeni akiwasogezea kamera akina mama waliokuwa wanasafisha samaki, mmoja akafunika uso kwa kanga, na yule kijana akaendelea kupiga. Ilinichoma. Nungwi ni kijiji cha Waislamu chenye misikiti, madrasa na wazee wake, na kilikuwepo kabla ya hoteli. Hata kama kilomita mbili mbele kuna watu wamevaa nguo za kuogea, ukipita dikoni na kijijini funika mabega na magoti. Mimi nilibeba kanga mbili begani na zilinifaa kwa mengi: kujifunika, kukalia, kujikinga jua, na mwisho kufungia samaki.

Tulitoka saa mbili na nusu kama tulivyoambiwa. Jabali lile la kwanza nililikuta limesimama juu ya mchanga mkavu. Nilisimama chini yake nikaunyoosha mkono kuugusa ule mstari mweusi na sikuufikia. Wifi alitaka kupita haraka, nami nikaelewa, tukapita.

Viatu ni jambo ambalo sitalisema taratibu. Kandambili hazifai. Vaa viatu vya mpira vinavyofunga kisigino na vinavyoweza kulowa. Majabali yana ncha, na kwenye vidimbwi vinavyobaki maji yakipwa kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu, ambayo huvunjikia ndani ya nyayo. Kijana mmoja tuliyemkuta ameketi kighubani alikuwa amewakanyaga. Mama mmoja wa hapo alikuwa anampaka utomvu wa papai bichi, kama wafanyavyo wengi pwani. Usiingize mkono kwenye tundu la mwamba kwa udadisi. Simu iweke ndani ya mfuko usiopitisha maji hata kama umeambiwa njia ni kavu.

Vighuba vinavyofuata ndivyo sababu ya kutembea badala ya kupanda gari. Kila ukizunguka jabali unapata bahari nyingine: hapa maji ya kijani kibichi juu ya mchanga, pale meusi kidogo kwa sababu ya majani ya bahari, pale watoto wanaogelea na mbuzi wamesimama kivulini chini ya mwamba. Upande huu umekingwa, bahari yake huwa tulivu hata kusi likivuma. Ukikaribia Kendwa unaanza kukiona kisiwa cha Tumbatu kusini magharibi, na ukikutana na watu wazima wa huku wakizungumza wenyewe kwa wenyewe utakisikia Kitumbatu, ambacho ndicho lugha ya Tumbatu na vijiji hivi vya kaskazini.

Kendwa tulifika kabla ya saa nne. Ufuko wake ni mpana, na ni mmoja wa wachache Unguja ambao unaweza kuogelea hata maji yakipwa, kwa kuwa kina hakiko mbali. Tulioga, tukakaa. Maji ya kunywa beba mwenyewe kutoka duka la kijijini, maana chupa ile ile kwenye baa za ufukweni bei yake inaruka mara kadhaa. Vijana wa ufukweni watakuuzia safari za boti. Kataa kwa adabu na kwa salamu, wanakuelewa. Hapa tulikosa kivuli cha bure, na nadhani hilo ndilo tatizo kubwa la njia nzima kwa mwenye kipato cha kawaida: miti mingi imebaki ndani ya uzio.

Kutoka Kendwa kwenda barabara kuu na kurudi Nungwi ni sehemu ngumu kwa sababu ya jua. Unapita vichaka juu ya ardhi ya mawe, vishamba vya muhogo, nyumba za matofali zinazojengwa kidogokidogo. Si pazuri sana na si lazima upapende. Tukiwa njiani wifi alianza kuumwa kichwa, tukafika barabarani tukasimamisha daladala ya 116 iliyokuwa inaelekea Nungwi. Ukiipanda kipande hicho hupotezi chochote. Nguvu ziweke kwa ajili ya mashariki.

Mashariki ni bahari nyingine kabisa. Maji ya bamvua yakipwa huenda mbali mpaka kwenye mwamba, na uwanda wote unabaki wazi, vidimbwi na majani. Tulipofika, maji yalikuwa yameanza kurudi, na akina mama walikuwa wanarudi kutoka uwandani na fimbo zao za kuchokolea pweza, wakitembea kwa haraka lakini bila wasiwasi. Tuliwafuata wao. Walipoacha ufuko wakapanda kijia cha juu ya mwamba, nasi tukapanda, na muda si mrefu pale tulipokuwa tunakanyaga palikuwa na maji. Upande huu usishike ufuko kwa ubishi. Vijia vya juu vipo na watu wa hapo watakuonesha.

Pale Mnarani pana kidimbwi cha asili ndani ya matumbawe ambamo wanakijiji hutunza kasa tangu miaka ya 1990. Kuna kiingilio. Nilikwenda nikiwa na shaka, maana sipendi wanyama waliofungiwa, na sina jibu kamili hata leo. Kilichonigusa ni kwamba waliotuongoza walizungumza kama watu ambao baba zao walikula kasa na sasa wao wananunua kwa mvuvi kasa aliyenasa wavuni ili asichinjwe. Uliza maswali yako pale pale, wanajibu. Usiwashike kasa hata ukiambiwa unaweza.

Ukizunguka rasi unarudi magharibi na unakutana na mafundi wa vyombo, jambo ambalo Nungwi inajulikana nalo pwani nzima. Hapa tulikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Jahazi moja lilikuwa limefika kwenye mataruma, mbavu zote zimesimama juu ya mkuku, na hakuna karatasi yoyote yenye mchoro. Fundi anapima kwa jicho, anachonga kwa tezo, anajaribisha, anachonga tena. Mti wenye pindo la asili ndio unaotafutwa kwa taruma, kwa sababu ubao uliopindishwa kwa nguvu hauna uhai wa ule uliokua umepinda. Chombo cha pili kilikuwa kinatiwa kalafati: kijana anapachika pamba iliyolowekwa mafuta katika maungio, nyundo inagonga taratibu, mstari hadi mstari. Nilimuuliza fundi kinashushwaje baharini chombo kizito hivyo. Akasema kijiji kizima huvuta kwa kamba na nyimbo, na siku yake ni siku ya bamvua, maji yakija yenyewe kukifuata chombo.

Kwa hiyo bamvua lile lile lililotubana majabalini ndilo linalowashushia vyombo vyao. Nilitamani ningefika kwa mafundi hawa kwanza, kabla ya jambo lolote. Ningejua kuwa hapa kila kazi, ya uvuvi, ya pweza, ya kujenga, imepangwa kwa mwezi, na ningeuliza swali la maana siku ile ya kwanza.

Tulimaliza dikoni alasiri, maji yamejaa hadi kwenye mizizi ya mkungu wa yule mzee. Hakuwepo, wajukuu zake walisema kaenda kulala. Tulinunua changu kwa kijana wake tukamfunga kwenye kanga.

Kwa wenye watoto wadogo au wazazi, msiende mzunguko wote. Dikoni, mafundi na Mnarani vinatosha, vimekaribiana, na vinafikika wakati wowote wa maji. Mwezi wa Ramadhani panga upya: wengi wamefunga, usile wala kunywa ukipita kijijini. Ukitumiwa saa za maji na mtu, mwulize ni asubuhi au jioni, umwambie akuandikie kwa maneno. Ukikuta majabali yana maji juu ya goti, geuka hapo hapo, usingoje jabali la pili.

Fundi alituambia jahazi lile, mbao zikipatikana, litashushwa bamvua mojawapo la kaskazi. Mama mkwe amesikia habari hiyo na anataka kuvuta kamba. Tumemwomba kijana wa yule mzee atupigie simu.